Boti ninayoilinda ilijaa maji usiku, mwenyewe alikuwa Bukavu. Ningefanya nini?

mlinzi_wa_usiku

Wandugu, salama? Mimi ninalinda boti kwenye mwalo mdogo upande wa Himbi, hapa Goma, Ziwa Kivu. Ziko tisa: sita za mbao zinazobeba ndizi, mihogo na watu wa kisiwa cha Idjwi, mbili za faiba, na moja ya chuma ambayo haijatembea tangu mwaka jana. Kazi niliyopewa ni wezi. Nachunga mashine za kusukuma boti, bidoni za esansi, yaani madumu ya petroli, na kamba (ndiyo, hata kamba wanaiba). Habari ya maji hakuna aliyewahi kunitajia.

Usiku wa Jumatano mvua ilianza saa nne, ile ya mwezi wa kumi na moja mnayoijua, haipumziki. Ikakatika karibu na saa nane. Nikatoka chini ya bati langu kuzunguka, nikaona boti moja ya mbao imekaa vibaya. Kule nyuma mashine inakofungwa, ubao ulibaki shubiri moja tu juu ya maji. Kumulika na simu: ndani maji yamefika kwenye viti, bidoni zinaelea na kugongana. Mwenyewe alikuwa Bukavu. Nikampigia mara sita, hapatikani.

Nikaingia, nikaanza kutosha maji kwa ndoo, yaani kuyatoa nje. Nimefanya hivyo karibu saa nzima. Yalipungua, nikapumzika kidogo kuvuta pumzi, yakarudi palepale. Nikamwamsha jamaa mmoja mwenye pompi ya esansi, tukaiweka ndani ya boti, ikavuta dakika chache ikazima. Tulipokuwa tunavuta kamba yake kuiwasha tena, boti ikalala upande mmoja ghafla. Jamaa akaanguka ziwani, mimi nikarukia mawe, goti likachanika. Kabla ya saa kumi na moja boti ilikuwa chini, mashine yote imezama. Bahati maji hapo ni mita moja na nusu tu.

Mwenyewe akafika Ijumaa. Hakuuliza habari ya goti. Neno lake la kwanza: "Nani alikuruhusu kuingia ndani ya boti yangu?" Anasema nilikanyaga mbao zikaachana, ndiyo sababu ikazama, kwa hiyo nilipe. Mshahara wangu wa mwezi ameuzuia.

Ningeiacha izame huku natazama? Na kwa nini maji yalirudi wakati mvua ilikuwa imekatika?

kijana_wa_kyeshero

Pole ndugu. Usilipe hata franka. Angekuta umelala angesema ulilala, amekuta umeamka anasema umevunja. Watu.

fundi_mbao

Kijana, soma polepole, nitaandika mengi. Mikono yangu imezoea tezo kuliko simu.

Nimetengeneza boti za mbao tangu kabla ya volkano ya 2002. Tarehe 17 Januari mwaka ule lava ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani, na pale nilipokuwa nachongea mbao leo ni jiwe. Jiwe lile mnalifahamu, linakata kama msasa. Boti inayolala juu yake usiku mzima huku mawimbi yanaisukuma inaliwa tumbo polepole, na mwenyewe haoni kitu mpaka siku ya kilio. Ninyi mnaofunga boti bila matairi ubavuni, mnanipa kazi, aksanti.

Sasa jambo lako. Wewe na tajiri wako mnabishana kama ni mvua au ni wewe. Kwa jinsi ulivyoeleza, mimi naona mvua na ziwa vilifanya kazi pamoja. Hesabu nami. Boti ya mita 12 kwa mita 2 ina uwazi wa mita za mraba 24. Mvua ikishuka milimita 10 tu, ndani mnaingia lita 240, yaani bidoni kumi na mbili za lita 20. Mvua ya usiku mzima ikifika milimita 50, ni lita 1,200, zaidi ya tani moja. Tani moja imepanda boti hakuna aliyeiona ikipanda, wala haikulipa nauli.

Boti ikibeba tani hiyo inashuka. Ikishuka, mbao za juu ambazo siku zote hukaa juani zinaingia majini. Mbao za chini zimekunywa maji, zimevimba, zimebanana. Za juu ni kavu, zimesinyaa, na pamba ya kuziba iliyoko katikati ya ubao na ubao imekuwa kama vumbi. Hapo ndipo ziwa linapoingia, taratibu, kwenye mshono mrefu wa mita sita au saba ambao mchana wa jua hauvujishi hata tone kwa sababu maji hayaufikii. Ndiyo maana mvua ilikatika na maji yakaendelea. Ndiyo maana pia ulipotosha kidogo ukapumzika, yakarudi: hukuinua boti vya kutosha ule mshono utoke majini. Ungepata watu watatu wa kupokezana ndoo bila kusimama, kuna mahali mngefika, mshono ungetoka, na maji yangeacha yenyewe. Nimeliona jambo hilo mara nyingi. Watu wanatosha, wanakata tamaa zikiwa zimebaki ndoo mia.

Siku nyingine, kabla ya kushika ndoo, chukua kipande cha kaa la jikoni, chora mstari ndani ya boti mahali maji yalipofika. Hesabu dakika tano. Mvua imekatika na mstari umezama? Kuna mlango wazi, utafute. Mstari haujazama? Tosha maji kwa amani, ni ya mbinguni.

Kuutafuta mlango usiku ni kazi ya mkono zaidi ya macho. Weka kiganja kwenye mbao kwa ndani, chini ya maji, upitishe taratibu. Maji yanayoingia yana nguvu yake, utayasikia yanakusukuma, na mara nyingi ni baridi kuliko yaliyokwisha kukaa ndani. Anza nyuma kwenye tundu za bulonji (bolti) zinazoshika mashine, kwa sababu mashine inatingisha na tundu zinapanuka. Kisha kizibo cha kutolea maji. Kisha mishono.

Ukikuta ni mshono, nitakupa dawa ya wazee, usicheke. Vumbi la msumeno. Lile laini, si maranda. Unalijaza kwenye mkebe uliofungwa kwenye mti mrefu, unauzamisha mkebe kwa nje umeinama mdomo chini, unaufikisha chini ya mshono unaovuja, kisha unaugeuza mdomo juu na kutikisa. Vumbi linapanda, maji yanayoingia yanalivuta yenyewe mpaka ndani ya mshono, linakwama pale na kuvimba. Inaweza kukufikisha asubuhi. Kwa tundu haifai, tundu linameza vumbi lote na kukutazama tu.

Tundu linataka kigingi cha mti laini, kilichochongwa kama karoti, kimezungushiwa kitambaa. Kigonge kidogo. Ukikigonga kama unajenga nyumba utapasua ubao na kupata tundu la pili. Na ubao ukipasuka kwa urefu, chukua kipande cha godoro, weka ubao juu yake, halafu ukandamize kwa mti uliokazwa chini ya kiti. Kama ndani hapafikiki kwa sababu ya mizigo, pitisha bashi (turubai) chini ya boti kwa nje, kamba pande zote mbili, lifunike mahali palipopasuka. Uzito wa ziwa utalibana lenyewe kwenye mbao.

Kuhusu kulala upande: hapo ulikuwa karibu kufa, na jamaa yako pia. Maji yaliyo ndani ya boti hayana adabu ya mzigo. Gunia la mihogo ukiliweka kushoto linakaa kushoto. Maji, ukikanyaga kushoto, yote yanakufuata kushoto, boti inainama, yanazidi kukufuata. Ninyi wawili mlisimama upande mmoja na pompi yenu, mkavuta kamba. Anaingia mtu mmoja, anakaa katikati, amechuchumaa. Mwingine anapokea ndoo akiwa nchi kavu. Na ubao wa nyuma ukishabaki shubiri moja, asiingie mtu kabisa. Kwanza punguza uzito wa nyuma: mashine ya nguvu za farasi 40 ina zaidi ya kilo 70 na inaning'inia palepale boti ilipo chini zaidi. Kama watu wawili wanaweza kuifikia wakiwa wamesimama nje kwenye kina kifupi, iondoeni. Kama haifikiki, iacheni.

Na jambo la mwisho kabla macho hayajaisha. Boti iliyokwisha kushindwa, msiiachie izame inapotaka. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 480 huko katikati, na hata huku pembeni hatua chache tu huoni tena chini. Ivuteni mahali pafupi ikalie mchanga, kamba ya mbele na ya nyuma zikifungwa kwenye nchi kavu. Msiifunge kwenye boti nyingine. Nimeona boti nzima, nzuri, imevutwa chini na jirani yake aliyekuwa mgonjwa.

mekano_arobaini

Papa fundi amesema ya mbao, mimi nitasema ya vyuma.

Ile pompi yenu ilizima kwa sababu gani? Kwa mbali nasema imevuta kitambaa au majani ya ndizi, au imemwagikiwa. Pompi ya esansi haiingii ndani ya boti inayozama. Inakaa juu ya mawe, imenyooka, ni mpira tu unaoingia majini, na mwisho wa mpira unawekewa chujio. Kama hamna, kapu dogo la plastiki lenye matundu linatosha. Jaza maji kwenye kichwa cha pompi kabla ya kuwasha, la sivyo inazunguka kwenye hewa na kuunguza mpira wake.

Kisha mlikuwa na bidoni za esansi zinaelea humo. Kama moja tu ilikuwa inavuja, ule mvuke ni mzito kuliko hewa, unalala ndani ya boti kama kwenye bakuli. Mkavuta kamba ya pompi palepale. Kijana, goti peke yake ni rehema. Toeni bidoni kwanza, hakuna sigara, hakuna mshumaa, wala msibonyeze swichi ya pompi ya betri kama harufu ni kali.

Wenye boti za faiba wananunua pompi ndogo ya volti 12 halafu wanalala usingizi wa mtoto. Tundu la sentimita 2.5, upana wa kidole gumba, likiwa sentimita 30 chini ya maji, linaingiza kama lita 40 kwa dakika. Bidoni mbili kila dakika! Pompi ndogo kwenye karatasi inasema kama lita 30 kwa dakika, na hiyo ni kabla ya kupandisha maji juu na kabla betri haijachoka. Tundu likiongezeka upana mara mbili, maji yanaongezeka mara nne. Ziba kwanza. Hata kwa soksi.

Kuna boti hapo zimevutiwa waya wa umeme kutoka nyumba ya jirani kwa ajili ya taa? Kata umeme huko huko nchi kavu kabla mguu wa mtu haujagusa maji. Kwenye maji yasiyo ya bahari mwili wa mtu unapitisha umeme kuliko maji yenyewe, kwa hiyo unakuchagua wewe. Misuli inakaza, unazama bila kelele.

Mashine iliyozama: ilikuwa imezimwa ilipozama, hiyo ni bahati. Imekaa chini siku ngapi sasa? Msiitoe mkaiacha juani "ikauke". Kutu inaanza hewa inapoingia. Kama fundi hajafika, ni afadhali ibaki majini kuliko kukaa nje nusu nusu. Siku ya kuitoa, siku hiyo hiyo: toa buji (plagi), igeuze tundu za buji zitazame chini, zungusha kwa mkono maji yatoke yote, mwaga esansi ya zamani na safisha karbureta, tia mafuta kidogo kwenye silinda, zungusha tena, rudisha buji kavu, iwashe na iache itembee. Ikikataa kuzunguka kwa mkono usiilazimishe. Na msiijaribu kuwasha "tuone tu" kabla ya hayo, utapinda fimbo ya pistoni kwa maji yasiyobanika.

mama_boti_mbili

Nimesoma wote. Mimi mwanamke mwenye boti mbili za mizigo, Idjwi na Kalehe, na nitasema jambo ambalo kijana hatalipenda. Mimi pia ningekasirika. Si kwa sababu uliingia. Mwenye boti anafika anakuta chuma chake kimezama, hana cha kushika isipokuwa maneno yako. Simu ulikuwa nayo, ulimulika nayo. Kwa nini hukupiga picha kabla ya kuweka mguu? Picha ya maji yamefika kwenye viti, saa inaonekana, na wewe bado uko nje. Hapo nani angesema ulivunja?

Halafu huyo tajiri wako naye. Boti inabeba watu, ubao wake wa nyuma uko chini namna hiyo, hana bashi la kufunika wakati wa mvua, simu imezimwa, hakumwachia mtu namba ya pili. Tarehe 3 Oktoba 2024 tulisimama mwaloni Kituku tukaona kwa macho yetu boti iliyotoka Minova inalala ubavu, watu wengi wakaondoka siku hiyo, ufuko unaonekana. Tangu hapo mimi nikisikia mtu anasema "maji kidogo tu ndani" tumbo linaniuma.

Kwetu tulipatana hivi, wenye boti saba. Ndani ya kila boti, kwenye ubao wa nyuma, imeandikwa kwa rangi namba mbili za simu. Mwenyewe na mtu wa karibu asiyesafiri naye. Mlinzi ana ruhusa ya kuingia kutosha maji, imeandikwa kwenye daftari, tumetia sahihi. Kila boti ina bidoni iliyokatwa ya kutoshea maji, imefungwa kwa kamba ili isiende. Mlinzi akiamka usiku kwa ajili ya boti yako, asubuhi unampa kitu. Mmoja alikataa sahihi, akasema boti yake ni kama chumba chake cha kulala. Sawa, ya kwake hatuigusi. Amekwisha kuja mwenyewe mara mbili usiku akiwa amevaa kanzu ya mke wake kwa haraka. Sasa ametia sahihi.

Lingine mnisamehe, ni donge langu la zamani. Mwaka fulani jirani alinisaidia kweli, akavuta maji yote ya boti yangu, akayamwaga pembeni. Yalikuwa yamechanganyika na mazuti (dizeli). Na pembeni ndipo wamama na watoto wanachota ya kunywa kila asubuhi na bidoni zao za njano. Ziwa lote likawa na rangi rangi pale, wakaja kunipigia kelele mimi mlangoni. Walikuwa na haki. Mafuta yanaelea juu, kwa hiyo mpira wa pompi uzamishwe chini, vuteni maji ya chini, na mkikaribia mafuta mzime. Yaliyobaki yakamateni kwa vitambaa au nyasi kavu, mtie kwenye bidoni.

kijana_wa_kyeshero

Kanzu ya mke wake 😂 Mama, endelea kuandika.

mlinzi_wa_usiku

Aksanti sana wazazi, aksanti papa fundi. Narudi na habari.

Jana Jumamosi tuliivuta boti nje, watu kumi na wanne, na mwenyewe akiwepo. Kwanza tulitoa bidoni zote. Kisha nikamwomba mbele ya watu anionyeshe pale nilipovunja. Tukaangalia sakafu yote. Hakuna. Kisha nikapitisha kisu kwenye mshono wa ubao wa tatu kutoka juu, upande wa jua la jioni. Kikaingia mpaka mpini, karibu urefu wote. Pamba ilitoka kama unga wa mhogo. Na bulonji mbili za mashine zilikuwa zinacheza kwa kidole, palepale ulipoandika. Watu wakacheka, nami nikajizuia.

Hakusema pole. Alisema, "Hiyo ilikuwa ndogo." Lakini jioni amenitumia nusu ya mshahara, na nusu nyingine anasema tutaona mashine ikiwaka. Mekano, ilikaa majini tangu Alhamisi alfajiri mpaka jana, tumeitoa na kuifungua papo hapo kama ulivyosema. Imezunguka kwa mkono. Leo hii wanasubiri karbureta.

Daftari nimenunua, la kurasa 48. Wenye boti wanne wametia sahihi, yeye bado. Namba za simu nimeandika kwa rangi iliyobaki ya mlango wa kanisa, kwa hiyo boti zote zina bluu moja.

Papa fundi, swali moja. Vumbi la msumeno nimeomba kwenye duka la mbao hapa karibu, wamenipa la mbao ngumu nyekundu, lina chembe kubwa. Linafaa?

fundi_mbao

Halifai, kubwa hilo litaelea na kwenda zake. Lipepete kwa chujio la unga, lile dogo linalobaki chini ndilo unalotaka. Kama mke wako ana chujio moja tu, nunua lingine, usimwambie nilikutuma. Au njoo Jumanne na gunia, nina la mti laini limejaa kona. Na mwambie huyo tajiri alete boti kabla haijakauka zaidi, mshono wa mita saba ni pamba ya siku mbili, gudroni (lami) siku ya tatu, kisha ikae majini siku mbili au tatu bila mzigo ikunywe maji. Akitaka kupakia siku ya nne ya kukaa majini, apakie. Kabla ya hapo, asiniite.